Godoro Alilougulia Mkwe

Asubuhi niliyoondoka Nakuru sikuwa na safari. Nilikuwa nimetumwa uzi. Fundi Hamisi, aliyenifundisha kazi ya magodoro pale mtaa wa Bondeni, aliniambia niende dukani nikanunue uzi mnene wa kushonea, nirudi kabla chai haijapoa. Nilinunua uzi, nikatoka, na mbele ya duka nikakuta lori linapakia chumvi ya ng'ombe. Nikamuuliza dereva anakwenda wapi. Akasema anakwenda Molo. Molo sikuwahi kufika. Begani nilikuwa na mfuko wangu wenye shazia, ile sindano ndefu ya magodoro, na fimbo ya kupigia sufi, ile pamba nyepesi ya msufi inayojazwa godoroni, kwa sababu nyumbani kwa Fundi Hamisi ukiacha shazia ukarudi, unaikuta mtu anaichokolea makaa. Nikapanda juu ya chumvi. Chai ilipoa, na nasikia maneno aliyonisema siku hiyo majirani waliyarudia mpaka mvua za mwaka uliofuata.

Ndivyo nilivyokuwa, wajukuu zangu. Shuleni pia niliondoka hivyohivyo: nilitoka kwenda kuangalia gari la moshi lililoanguka, na sikuona sababu ya kurudi.

Juzi mlipofungiwa majumbani kwa sababu ya korona mliniuliza kama sisi tuliwahi kuona jambo kama hilo. Niliwajibu "ndiyo", nikaenda kulala. Lilikuwa jibu la kivivu. Sasa sina kazi, vidole havishiki tena shazia lakini kalamu vinashika, basi nitawaeleza.

Miaka ya hamsini ilikuja homa kubwa ya mafua. Watu walisema imetoka mashariki ya mbali, ikavuka bahari kwa meli, ikapanda gari la moshi Mombasa na kushuka Nakuru bila tikiti. Iliingia nyumba kwa nyumba. Leo ungewasikia majirani wanacheka, kesho husikii hata mtu akipasua kuni. Wengi walipona, wengine hatukuwaona tena. Na ilipopita, kila mwenye godoro alitaka lifunguliwe. Hakuna aliyetaka kulalia jasho la homa. Sisi mafundi, nasema kwa aibu kidogo, hatukuwahi kupata kazi kama wakati ule.

Kazi yenyewe ni hii. Unafumua mshono wa upande mmoja, unatoa sufi yote, unaianika juani juu ya mkeka, unaipiga kwa fimbo mpaka mabonge yaachane na ivimbe kama mkate. Kitambaa kinafuliwa. Jioni unajaza, unaanzia pembeni, maana godoro lililojazwa kuanzia katikati litakuwa kilima na mwenyewe ataanguka usiku. Kisha unashona. Siku nzima mwenye godoro anakaa karibu nawe kwenye kigoda. Atasema anapumzika. Ukweli ni kwamba anakulinda, kwa sababu humo ndani kaficha kitu na hakumbuki ni upande gani.

Na mtu akikaa siku nzima akitazama godoro alilougulia likiwa wazi, atazungumza.

Mimi mwanzoni nilikuwa nauliza ovyo. Nilikuwa nataka kujua kila kitu. Nilimuuliza mke wa mfanyakazi mmoja wa reli, "Mama, mliumwaje?" Akasema, "Tuliumwa sana." Basi. Nikamuuliza jirani yake, akasema, "Sana." Mtaa mzima nilipata neno hilo moja. Fundi Hamisi hakuuliza kitu. Aliweka kiganja juu ya godoro, akalipapasa, akasema kama anayejisemea, "Upande huu umelaliwa zaidi." Yule mama wa reli akaruka: "Si ni yeye, huyo mume wangu! Alinisukuma ukutani wiki nzima, halafu akaota mimi ni bosi wake, akawa ananiomba ruhusa ya kwenda haja!" Kisha akatueleza yote, nani alichota maji, jirani gani alileta uji na gani alijifungia, na jinsi mumewe alivyopona akakataa katakata kwamba aliomba ruhusa.

Nyinyi mnaotaka kuandika habari za korona, shikeni hilo. Ukimuuliza mtu habari za ugonjwa, atakupa ugonjwa. Muulize nani alikamua ng'ombe. Muulize viatu vyake vilikuwa wapi.

Baadaye nilifika Kariandusi, kwenye machimbo ya udongo mweupe, nikakuta wao hawana hakika hata homa ilifika lini. Vumbi la pale ni jepesi kama unga, wachimbaji wote weupe kutoka kofia hadi kidole cha mguu, na kukohoa wanakohoa mwaka mzima. Mmoja aliniambia, "Sisi tulijua ni homa siku mpishi alipokohoa. Yeye hachimbi." Nimeitunza habari hiyo mpaka leo.

Lakini nirudi juu ya chumvi. Lori lilipanda, likapita Sachangwan kwenye baridi inayong'ata masikio, likaingia shamba moja la kondoo na pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, upande wa Molo. Dereva akashusha chumvi pamoja na mimi. Kando ya nyumba za vibarua niliona wazee wamekaa kwenye magogo, nyuso zimenuna, na katikati yao, juani, limelazwa godoro. Nilidhani naota. Nilikuwa bado nashangaa, mzee mmoja akaona shazia imechomoza kwenye mfuko wangu.

"Wewe kijana," akasema, "hiyo sindano ni ya nini?"

"Ya magodoro, mzee."

Wakatazamana. Mwingine akasema polepole, "Mungu ametuma mtu."

Yule aliyeniuliza alikuwa Mzee Ambani, Mmaragoli, mchungaji wa kondoo wa shamba lile. Godoro lilikuwa la mkewe, Mama Rasoa. Aliwahi kuwa yaya katika nyumba ya wazungu, na memsabu, bibi wa nyumba ile, alipobadilisha vitanda akampa godoro kuukuu la sufi. Wenzake wote walilalia ngozi au magunia ya majani makavu. Hilo lilikuwa godoro la pekee katika kambi nzima, na watu walikuja kulibonyeza kwa kidole tu, waone linavyorudi.

Binti yao Rasoa alikuwa amechumbiwa na Adagala, dereva wa trekta katika shamba la pili, chini ya Sachangwan. Adagala alileta ng'ombe mtamba wa mahari mwenyewe, akimswaga kwa miguu. Alipofika ndipo homa ilipolipuka. Mzungu mwenye shamba akafunga geti kwa mnyororo, asitoke mtu, asiingie mtu. Adagala akabaki ndani, na kesho yake akaanguka. Mzee Ambani alikuwa ameanguka kando ya moto jikoni. Rasoa alikuwa anaumwa kwa bibi yake, na bibi anaumwa naye. Kila nyumba ilikuwa na watu wanaotetemeka. Aliyebaki amesimama ni Mama Rasoa.

Sasa mjue desturi ya Wamaragoli. Mkwe na mama mkwe hawashikani mikono. Hawali pamoja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia shambani mpaka mwenzake apite. Na chumba cha kulala cha mama mkwe, mkwe hakioni hata kutoka mlangoni. Mama Rasoa alimkuta Adagala amelala chini kwenye tope la zizi, mvua inamnyeshea. Akamburuta kwa koti lake, akamwingiza ndani, na akamlaza mahali palipokuwa pakavu na pa joto. Yaani kwenye kitanda chake.

Akaponea hapo. Geti likafunguliwa, kila mtu akashukuru, na Adagala akarudi kwao amekonda kama ufito. Kisha baba yake mdogo, Mzee Mudi, akamuuliza alilala wapi.

Hiyo ndiyo kesi niliyoikuta. Mzee Mudi ndiye aliyekuwa msemaji wa upande wa bwana harusi, mtu mrefu, mwenye kofia ya kaki na sauti ya kanisani. Alisema kijana aliyelala kitanda cha mama mkwe hawezi kuoa katika nyumba hiyo. Ama jambo limalizwe, ama mtamba arudi.

"Hiyo godoro ichomwe," alisema. "Ikichomwa, mimi sina maneno."

"Ichomwe," akasema Mama Rasoa kutoka mlangoni, "halafu mimi nilale juu ya maneno yako?"

"Mama, mimi nasema desturi."

"Na mimi nakuuliza desturi. Ningemwacha afe kwenye zizi, ndiyo ningekuwa mkwe mzuri?"

Hapo Mzee Mudi akainamisha kichwa, kwa sababu Adagala alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake, na yeye ndiye aliyemlea. Lakini hakurudi nyuma. Rasoa alikuwa anapepeta mahindi kando.

"Mimi naolewa na mtu," akasema. "Siolewi na godoro."

"Wewe nyamaza," wazee wakasema wote kwa pamoja, na hilo ndilo jambo la kwanza walilokubaliana tangu asubuhi.

Mzee Mudi akanigeukia. "Wewe fundi. Godoro ni kitambaa, ama ni hiyo vitu ya ndani?"

Nilifikiri. Nilitaka kusema kweli. "Mzee, kwetu mtu akileta kitambaa kipya na sufi ya zamani, tunasema tumeshona godoro lake. Akileta sufi mpya na kitambaa cha zamani, tunasema vilevile."

"Kwa hivyo hakuna siku godoro inakufa?"

"Sijaliona bado likifa, mzee."

Jibu hilo halikumsaidia mtu. Wakaanza upya. Mmoja akasema dhambi iko kwenye kitambaa kwa sababu ndicho kilichogusa ngozi. Mwingine akasema jasho linapita kitambaa linaingia ndani. Walibishana mpaka wakanifanya nifumue pembe moja wachungulie, na wakachungulia kwa zamu, kama mtu anavyochungulia injini asiyoijua.

Mwisho wakamgeukia Mzee Kisia. Yeye alikuwa mzee kuliko wote, na alikuwa kijana wakati wa homa nyingine, ile iliyokuja baada ya vita vya kwanza vya Wajerumani. Mzee Ambani akamwuliza kwa heshima:

"Baba, ile homa ya kwanza, mlifanyaje?"

"Watu walikufa," akasema Mzee Kisia.

"Hiyo tunajua. Lakini wakwe waliokwama kwa watu. Walilala wapi? Nani aliwapa maji?"

Mzee Kisia akatazama kondoo. "Walikuwako," akasema. "Lazima walikuwako. Lakini hakuna mtu alituambia tukumbuke hiyo."

Nimesikia wazungumzaji wengi katika maisha yangu, wajukuu, na sijasikia neno lililonikaa kama hilo. Homa kubwa ilipita, maelfu kwa maelfu wakaugua, na lililobaki ni kwamba watu walikufa. Hakuna aliyeona kuwa inafaa kutunza habari ya nani alilala wapi. Na sasa msichana alikuwa karibu kumkosa mume kwa sababu hiyo. Toka siku hiyo nikaacha kusikiliza kwa kupitisha muda. Nikaanza kusikiliza ili nikumbuke.

Nikajaribu ujuzi wangu hapohapo. Niliweka kiganja juu ya godoro, nikalipapasa, nikasema kama ninayejisemea, "Huyu mtu alilala ukingoni tu."

"Ukingoni kabisa," akasema Mama Rasoa, akatoka mlangoni. "Aliogopa kulala katikati. Homa inamchoma lakini adabu iko. Mimi nilitundika gunia, sikumwona na yeye hakuniona. Uji nilisukuma chini ya gunia kwa mwiko."

"Na kuongea?" akauliza Mzee Mudi kwa ukali. "Mliongea?"

Kwa desturi yao Mama Rasoa angepaswa kusema na mkwe kupitia mtu wa tatu, na watu wa tatu wote walikuwa wamelala wanatetemeka.

"Niliongea na ukuta," akasema Mama Rasoa.

"Mama," akasema Rasoa bila kuinua macho, "bibi alisikia kutoka kwake. Uliongea na kuku."

Mama Rasoa akavuta leso yake. "Kuku alikuwa karibu na ukuta."

Basi yakatoka yote. Alikuwa anasema, "Wewe kuku, mwambie huyo mtu uji uko chini." Na nyuma ya gunia sauti dhaifu inajibu, "Kuku, mwambie mama asante. Mwambie uji umezidi pilipili." "Kuku, mwambie pilipili ndiyo dawa." Wazee walijitahidi kununa. Mzee Ambani alianza kukohoa, na haikuwa homa. Mzee Mudi akashika kofia yake, akaifunika uso, na mabega yakawa yanacheza.

Alipoiondoa, sauti ya kanisani ilikuwa imepungua. "Huyo kuku alifanya kazi ya mtu," akasema. "Kwa kuongea sina kesi. Lakini kitanda ni kitanda."

"Basi sikiliza," akasema Mama Rasoa. "Kitambaa ni changu, nilipewa na memsabu. Sufi aliyolalia ni yake. Aichukue. Mimi fundi atanijazia manyoya ya kondoo."

"Achukue," akasema Mzee Mudi, "halafu alale juu yake na mke wake? Sufi imetoka kitanda ya mama? Hiyo ni mbaya zaidi."

Hapo Mzee Kisia, ambaye nilidhani amesinzia, akasema, "Ipite kwa mtu wa nje kwanza. Mtu ambaye si mkwe wa mtu. Alale juu yake, iwe kitanda yake. Halafu atoe kwa kijana kama zawadi."

Wote wakanitazama.

"Wewe ni wa kabila gani?" akauliza Mzee Mudi.

"Mimi ni wa Bondeni."

"Una mke upande wetu?"

"Sina."

"Una mpango?"

Mdogo wake Rasoa, msichana naye, alikuwa anapita na ndoo ya maji, na ni kweli macho yangu yalimfuata kidogo.

"Usitazame huko," akasema Mama Rasoa. "Jibu mzee."

"Sina mpango," nikasema.

Wazee wakakubali, nami nikakaa pale kumjazia Mama Rasoa godoro lake. Manyoya ya kondoo, mkitaka kujua, lazima yaoshwe kwa maji moto mara kadhaa, la sivyo godoro litanuka zizi mvua ikinyesha. Tuliyaokota kwenye nyaya za ua, tukayachambua miiba. Mama Rasoa alilibonyeza kwa kidole, likarudi, akanipa shingo ya kuku. Sikuuliza ni kuku gani.

Kisha nikabeba gunia la sufi mgongoni, kubwa kuliko mimi lakini jepesi kama hakuna kitu, nikashuka na Mzee Mudi. Hiyo ilikuwa miaka ya hali ya hatari, serikali ya kikoloni ikizuia watu kutembea ovyo, na pale Sachangwan palikuwa na kizuizi. Askari akataka pasi ya kutembea, kisha akataka gunia lifunguliwe. Nikamwambia, "Afande, upepo." Akasema fungua. Nikafungua. Sufi ikaruka, ikajaa kwenye kofia zao, puani, ndani ya chai yao, na kizuizi kizima kikaanza kupiga chafya. Mkubwa wao akafika mbio, akaona askari wake wanapiga chafya na mimi katikati, akapiga kelele kutoka mbali, "Huyo ana homa. Mpitisheni haraka." Mzee Mudi alitembea kwa heshima mpaka kona, ndipo akakaa chini kando ya barabara akacheka mpaka akalia. Nadhani hapo ndipo aliponipenda.

Tulifika shambani kwao jua likiwa bado juu. Adagala alikuwa amechonga kitanda cha mbao, na kitambaa kipya cha mistari kilikuwa tayari. Nilishona uani, yeye akanishikia kingo, na bila kuulizwa akaniambia upande wake. Alisema ni kweli alikuwako kuku, mwekundu, na siku moja kuku huyo alikwenda kutaga. Wakakaa kimya, yeye na mama mkwe wake, uji unapoa upande mmoja wa gunia na kiu inamkausha upande wa pili, mpaka kuku akarudi. Mama Rasoa hakulitaja hilo. Mimi nimeyatunza yote mawili, ukuta na kuku, na nyinyi msichague.

Godoro likawekwa kitandani. Mzee Mudi akaita wazee wawili wa pale wawe mashahidi, wakaleta vigoda, wakakaa mstari mmoja kunielekea.

"Haya, fundi," akasema. "Karibu. Malazi yako ni hayo."

Nikavua viatu, nikalala. Sijui kama mmewahi kujaribu kulala mchana huku wazee watatu wanakutazama usoni. Nikafumba macho.

"Hajalala," akasema mmoja. "Kope inacheza."

"Mpe nafasi."

"Anajifanya. Mtu amelala anafungua mdomo."

Nikafungua mdomo.

"Unaona? Amesikia."

Lakini nilikuwa nimetembea kutoka Molo, na godoro nilikuwa nimelijaza mwenyewe, kuanzia pembeni. Yaliyofuata sikuyaona. Nimeyakusanya kwa waliokuwapo, na kama kawaida hawakubaliani. Adagala alisema Mzee Mudi aliinama akasikiliza pumzi yangu kama anasikiliza trekta. Mmoja wa mashahidi aliapa kwamba Mzee Mudi aliniwekea uzi wa sufi chini ya pua. Wanakubaliana hili tu: nilipokoroma, Mzee Mudi alisimama, akavaa kofia yake, akamwambia Adagala kwa sauti ya chini, "Sasa hiyo ni kitanda ya mtu wa nje. Akiamka atakupa kama zawadi. Nenda umwambie mama ya Rasoa, hata kama ni kwa kuku, msichana aje."

Kisha akawafukuza wote kwenye vigoda, na yeye mwenyewe akatoka kwa kunyata, asiniamshe.